Blockbuster, hit au smash? Maneno ya Kiingereza ya mafanikio makubwa, na ya Kiswahili yanayoyafaa

Mwaka wangu wa kwanza kwenye dawati la burudani niliandika kwamba filamu moja ya Marekani "imelipuka" kwenye majumba ya sinema. Habari ya Kiingereza niliyokuwa naitafsiri ilisema filamu hiyo "bombed at the box office". Bomu, mlipuko, basi: nikaona picha imekaa sawasawa. Gazeti likatoka. Asubuhi yake mhariri akaniita mezani kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hebu nisomee hapa."

Nikasoma.

"Bwana mdogo, hii filamu imewatia watu hasara ya mamilioni ya dola. Wewe umeandika imelipuka. Msomaji wa Mbagala ataelewa nini?"

Ataelewa kwamba imetia fora, bila shaka. Mwenzangu wa meza ya jirani alicheka mpaka akainamia kompyuta, ingawa yeye naye wiki moja kabla alikuwa ameandika "ofisi ya boksi" akimaanisha "box office". Wakati sisi watu wa mpira tuna msemo wetu tayari, tena mzuri kuliko wao: mapato ya mlangoni.

Tangu siku hiyo nimekuwa na daftari la maneno ya Kiingereza ya mafanikio makubwa. Yako mengi, yanafanana kwa mbali, na kwenye taarifa za wasanii yanamwagwa yote kwa pamoja kama viungo vya pilau. Ukiyaweka bega kwa bega utaona kila moja linapima kitu chake. Linaloongoza kwa kutumiwa vibaya ni "blockbuster", kwa hiyo nalianza hilo na nitalikalia.

Blockbuster lilikuwa bomu kweli

Wengi wamesikia kwamba neno hili linatokana na foleni ya watu mbele ya sinema, ndefu hata ikazunguka nyumba zote za mtaa. Hadithi tamu, ila si kweli. Neno lilizaliwa katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1941 Jeshi la Anga la Uingereza lilianza kudondosha juu ya miji ya Ujerumani bomu la ratili 4,000, yaani karibu kilo 1,800, na mji wa Emden ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kulionja. Baadaye yakaja ya ratili 8,000 na 12,000. Ganda lake lilikuwa jembamba, karibu pipa tu, na ndani limeshindiliwa baruti. Halikukusudiwa kutoboa zege. Kazi yake ilikuwa upepo: kung'oa mapaa na kuvunja madirisha ya eneo zima, ili mabomu madogo ya moto yanayofuata nyuma yapate mahali pa kushika.

Marubani wenyewe walikuwa na jina lao la utani, waliliita "cookie", biskuti. Waandishi wa magazeti ndio walioleta "blockbuster". "Block" ni zile nyumba zilizozungukwa na barabara nne. Aliyewahi kutembea Kariakoo anaielewa bila mchoro: unapita Mtaa wa Kongo, unakata kona, unakata tena, unajikuta ulipoanzia. Kipande hicho ulichokizunguka ndicho "block". Bomu moja, kipande kizima chini.

Vita havijaisha, watu wa matangazo ya filamu Marekani wakawa wamelidaka. Kufikia miaka ya 1950 magazeti ya biashara ya sinema yalilitumia kwa filamu kubwa za gharama kubwa. Kisha tarehe 20 Juni 1975 ikatoka Jaws, ile ya papa, ya Steven Spielberg. Kabla ya hapo desturi ilikuwa filamu kuanza katika majumba machache ya miji mikubwa, ikisifiwa ndipo isambae polepole. Hii ilifunguliwa siku moja katika sinema zaidi ya 400, baada ya siku kadhaa za matangazo mfululizo kwenye televisheni. Nchi nzima ikaiona kwa wakati mmoja. Ndiyo maana naona asili ya neno bado inafanya kazi ndani yake: blockbuster haichagui nyumba. Hata asiyetaka kuiangalia anajua ipo, kwa sababu dirisha lake limetikisika.

Kwa hiyo maana ya kwanza ya blockbuster ni ukubwa: wa gharama, wa tangazo, wa eneo linalotikiswa. Uzuri haumo. Na hili ndilo linalowashangaza wengi: hata faida haimo.

Kipimo changu: je, unaweza kulisema kabla watu hawajaona?

Hapa ndipo blockbuster na hit zinapoachana. Mwezi Machi kampuni ya filamu inaweza kutangaza "our summer blockbuster" kwa filamu itakayotoka Julai, ambayo hakuna mtazamaji hata mmoja aliyeiona. Mwingereza hatashtuka. Anajua wanachosema: tumetumia fedha nyingi, tumeijenga iwe kubwa, na tutaitangaza mpaka mchoke.

Sasa jaribu kusema "our summer hit" mwezi Machi. Utakuwa unajisifu kabla ya mechi. Hit haiamuliwi na mtengenezaji. Neno lenyewe ni la zamani, lina asili ya Kinorsi, lugha ya mabaharia wa kaskazini, ambako lilihusu kukutana na kitu, kukifikia. Kisha likawa kupiga, na kupiga shabaha. Mshale umeondoka, umefika, umegonga. Kama haujagonga, hujapata hit, hata upinde wako ungekuwa wa dhahabu.

Tazama John Carter ya Disney, mwaka 2012. Ilijengwa kama blockbuster tangu msumari wa kwanza, kwa gharama iliyozidi dola milioni 250. Ilipotoka, siku chache tu kampuni ikatangaza kwamba inatarajia hasara ya karibu dola milioni 200. Kiingereza hakioni ubishi wowote katika sentensi "the blockbuster bombed". Lakini "the hit bombed" haisemeki, ni sawa na kusema mshindi kashindwa.

Upande wa pili kuna My Big Fat Greek Wedding ya mwaka 2002. Ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 5, vumbi tu kwa Hollywood. Wiki zikapita, haikushika hata mara moja nafasi ya kwanza katika mapato ya wikiendi Marekani. Mtu alimwambia shemeji yake, shemeji akamwambia jirani, na mwisho wa safari ilikuwa imekusanya zaidi ya dola milioni 360 duniani. Hiyo ni hit kubwa mno, ila ukiiita blockbuster unakosea tabia yake. Waingereza wana jina la aina hii: "sleeper hit", iliyolala kisha ikaamka. Kwetu ningesema tu imevuma taratibu, maana kuvuma kunaanzia mbali.

Na Star Wars? Hiyo inasumbua mpango wangu wote, na nimeiacha isumbue. Tarehe 25 Mei 1977 ilifunguliwa katika sinema chini ya 50, wenye sinema wengi hawakuitaka. Ilianza kama hit, watu wakijipanga barabarani, ikaishia kuwa mfano mkuu wa blockbuster. Neno linaweza kupewa kitu baada ya tukio pia, ukubwa ukishaonekana. Ninachokataa ni kukipa jina hilo kila kitu kilichopendwa.

Kwa hiyo ukiwa na tamasha lililojaza ukumbi wa watu 300 pale Upanga, na wote wakaondoka wakiimba, umepata hit, tena usione haya. Taarifa yako ya Kiingereza ikisema "a blockbuster event", msomaji wa Kiingereza atauliza uwanja gani.

Mabomu mawili, maana mbili

Turudi kwenye kosa langu. Ni kichekesho cha lugha hii kwamba blockbuster ni bomu na ni sifa, na "bomb" ni bomu na ni aibu. Filamu "that bombed" imefeli vibaya, tena mbele za watu. Heaven's Gate ya 1980 huwa haikosi kutajwa: ilikula karibu dola milioni 44, ikaingiza chini ya milioni 4 Marekani.

Halafu Mwingereza wa Uingereza anakuja kuvuruga zaidi. Kwake tamasha likisemwa "it went like a bomb", limefana kweli. Na kitu kikisemwa "it cost a bomb", kina bei ya kuua. Kijana wa Marekani wa miaka ya 1990 naye akisema "it's the bomb", kwa hiyo "the", anasifia. Neno moja, na kinachoamua ni kiungo kidogo pembeni yake. Ushauri wangu kwa anayetafsiri: ukiona "bombed" kama kitendo, shika kwamba kimefeli. Ukiona "like a bomb", uliza mwandishi ametoka upande gani wa Atlantiki.

Kilichoniuma zaidi baadaye ni kugundua kwamba jibu sahihi nililikanyaga njiani. Mtaani Dar mtu akinunua simu ikawa haishiki chaji, anasema "nimeuziwa bomu". Gari bomu, filamu bomu. Maana tunayo, iko kamili, na inalingana na ya Mmarekani neno kwa neno. Ningeandika "filamu imekuwa bomu" mzee asingeniita. Nilipokimbilia kitenzi "imelipuka" ndipo nilipoharibu. Siku hizi kwa gazeti naandika "imedoda", kama bidhaa iliyobaki rafuni. Kwa kijiwe, "imechemsha", kwa sababu kila mtu anajua kuchemsha ni nini.

Hit na smash

Smash ni hit iliyoongezewa nguvu: "smash hit", au "smash" peke yake. Tofauti yao ni ya kiasi tu, na ya tambo. Ukitaka kuwa mwangalifu, hit ni wimbo uliopendwa, smash ni wimbo uliofanya nyimbo nyingine za mwezi huo zisahaulike. Mara nyingi tangazo likisema smash linamaanisha hit, na ukipunguza robo hukosei.

Ila kama kitendo, smash limechukua njia yake. Mtu akitoka jukwaani Waingereza wanamwambia "you smashed it". Usitafute kilichovunjika. Sisi tungesema "umeua", au "umefunika". Hata sisi sifa zetu ni za fujo, sijui kwa nini tunawacheka wao. Kufunika ndiko kunakokaribia zaidi, kwa sababu ndani yake wapo wengine waliofunikwa.

Angalia pia hit inavyobeba vitu visivyo sifa. "Hit list" ni orodha ya watu wa kuuawa, "hit man" ni muuaji wa kukodiwa. "Ten thousand hits" ya mtandao ni idadi ya mara ukurasa ulivyofunguliwa, pengine na mtu yule yule akitafuta namba ya simu. Na "take a hit" ni kupata pigo: biashara iliyosemwa "took a hit" imeumia. Nimeona taarifa ya uchumi ikitafsiriwa kwamba utalii "ulipata mafanikio" mwaka 2020, mwaka wa korona, wakati sentensi ilikuwa "tourism took a hit". Jamaa alikuwa ametoka dawati la muziki.

Kwa wimbo, Kiswahili kina neno ambalo naona halina mpinzani: kibao. Jina linatukumbusha enzi za santuri, na limedumu hata sasa ambapo hakuna cha kushika mkononi. "Kibao kikali" ni hit bila kuongeza wala kupunguza. Jambo Bwana ya Them Mushrooms wa Mombasa, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni kibao: hakikuja na mtikisiko wa siku moja, kiliingia hoteli moja baada ya nyingine za pwani mpaka watalii wakakibeba makwao. Na kibao kikizeeka vizuri tuna hatua ya pili: zilipendwa.

Wanamuziki wa Marekani wanayo pia mizani ya kuhesabu. Tangu 1958 chati ya Billboard Hot 100 hupanga nyimbo kila wiki, na tangu 1976 chama cha kampuni zao za muziki hutoa hadhi ya platinamu, ambayo siku hizi ni kwa kazi iliyofikia mauzo milioni moja. Ukisoma "a platinum hit", ujue kuna hesabu nyuma yake, haikupambwa tu.

Bestseller kwa haraka

Hili halina ushairi, ni hesabu ya dukani. Orodha za vitabu vinavyouzika zaidi zilianza Marekani mwaka 1895 katika jarida la The Bookman, na New York Times wakaanza yao 1931. Kitabu kinaweza kuwa bestseller na kila mtu akakichukia. Kwetu vitabu vinavyouzwa kama njugu ni vile vilivyoteuliwa kwa mitihani, na hakuna anayevitangaza kwa neno hili. Ukiliona kwenye jalada, uliza wapi na lini, kwa sababu Amazon hupanga vitabu kwa makundi madogo madogo na kitabu kinaweza kukaa cha kwanza katika kundi lake kwa saa chache. Kwa Kiswahili: kitabu kilichouzika sana. Inatosha.

Triumph na tatizo la kishindo

Triumph lilikuwa tukio kabla ya kuwa neno. Jemadari wa Roma aliyeshinda vita aliomba kibali cha baraza la seneti, kisha akapita mjini juu ya gari la farasi, mateka na ngawira wakitangulia. Hakuna triumph bila aliyeshindwa. Ndiyo maana hadi leo neno linataka upinzani: ugonjwa, umaskini, timu iliyoongoza mabao mawili mpaka dakika ya 80. "A triumph" kwa filamu ni sifa ya wachambuzi, na inahusu ubora. Filamu isiyo na watazamaji inaweza kuwa triumph. Hivyo iko upande wa pili kabisa wa blockbuster: moja inapima kina, nyingine upana.

Kwa Kiswahili "ushindi" linatosha, na hapo nina ugomvi kidogo na magazeti yetu. "Ushindi wa kishindo" tumeuweka kwenye uchaguzi, kwa kile ambacho Kiingereza kinaita "landslide", maporomoko ya ardhi. Chaguo zuri kuliko la kwao, naona. Lakini limefanya kishindo kinuke siasa, wakati kishindo ndilo neno ambalo blockbuster lilikuwa linalisubiri. Kishindo ni mdundo wa kitu kizito kinachotua. Unausikia ukiwa chumba cha pili, hukuuona, na hujui kama kilichoanguka ni gunia la mchele au ukuta. Uzito umo, upana umo, ubora haumo. "Filamu ya kishindo": ndiyo tafsiri yangu ya blockbuster, na nimeitumia miaka kadhaa bila mhariri kuikata.

Kuna wanaopendekeza "filamu bab-kubwa". Kwa redio sawa, lakini bab-kubwa ni sifa ya uzuri, na tumekubaliana kwamba blockbuster haiahidi uzuri.

Nje ya sinema, kishindo hakitoshi kila mahali. Watu wa dawa husema "blockbuster drug" kwa dawa inayouza dola bilioni 1 au zaidi kwa mwaka. Lipitor ya Pfizer, ya kupunguza lehemu kwenye damu, kwenye kilele chake ilizidisha hiyo mara kumi na zaidi. Hapo ni istilahi yenye namba, kwa hiyo andika namba: dawa inayouza zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka. Ukiandika "dawa ya kishindo" utawapeleka watu kwa mganga.

Pia kuna Blockbuster yenye herufi kubwa, mtandao wa maduka ya kuazima video uliofungua la kwanza Dallas mwaka 1985, ukafikia maduka kama 9,000, ukafilisika 2010. Duka moja limebaki Bend, Oregon, watu huenda kupiga picha. Hilo ni jina, usilitafsiri. Nalitaja kwa sababu nimeshaona sentensi "he worked at Blockbuster" ikigeuzwa kuwa mtu aliyefanya kazi kwenye filamu kubwa, wakati maskini alikuwa anapanga kaseti.

Jackpot, bonanza, breakthrough

Jackpot na bonanza ni ndugu wa bahati. Jackpot limetoka kwenye karata: chungu cha fedha kinachoendelea kujaa mpaka mtu apate jozi ya karata za J au zaidi ndipo mchezo ufunguliwe. Mtu wa mikeka hahitaji maelezo, ni hilo hilo analoliota kila Jumamosi kabla mkeka haujachanika. Ukisema msanii "hit the jackpot" unasema amebahatika, na msanii aliyesota miaka 15 anaweza kununa.

Bonanza ni Kihispania, hali tulivu ya bahari. Wachimba madini wa magharibi ya Marekani walilitumia kwa maana ya mshipa mnono wa madini, na wa fedha uliopatikana Nevada mwaka 1873 ukaitwa kabisa Big Bonanza. Tahadhari kwa Mtanzania: kwetu bonanza ni siku ya michezo, maveterani wanacheza mpira, nyama inachomwa, mkuu wa wilaya anakabidhi mbuzi. Kwa hiyo "an oil bonanza" haimaanishi kuna mashindano ya wafanyakazi wa mafuta. Ni neema iliyowaangukia.

Breakthrough linabeba kuvunja ngome na kupenya, na hapa sisi tuko vizuri kuliko wao. Kutoboa, kutusua, na Nairobi wanasema kuomoka. Yote ni ya mtu aliyekuwa ndani ya kitu akatoka. Kumbuka ni mwanzo wa mafanikio, si kilele. "Her breakthrough hit" ni kibao kilichomtoa, hata kama baadaye alipata vikubwa zaidi.

Ukiwa umekwama kati ya mawili

Mimi najiuliza nani ameamua. Kama ameamua mwenye fedha kwa kutumia fedha nyingi, blockbuster. Kama wameamua watu, hit, na kama wameamua kwa kelele, smash. Kama ameamua mhasibu, bestseller au platinamu. Kama wameamua wachambuzi, triumph. Kama imeamua bahati, jackpot.

Kwa Kiswahili swali linabadilika kidogo, kwa sababu maneno yetu yanaangalia zaidi nini kinatokea kati ya watu. Kutia fora ni kuwapita wenzako, kwa hiyo lazima wenzako wawepo: filamu imetia fora mwaka huu. Kubamba ni kushika watu sasa hivi, wiki hii, hakuahidi kesho. Kutamba kunadumu na kunaonekana, na kuna maringo ndani yake. Kuvuma ni sauti tu, na wahenga walishatuonya kwamba ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka, methali ambayo ningependa kuibandika juu ya kila tangazo la "viral sensation". Kwa viral, andika imesambaa. Vitu vinasambaa kwa aibu pia.

Na kama kuna mahali nilipojifunza tofauti ya hit na blockbuster kabla ya kujua Kiingereza, ni kibanda umiza. Mabenchi ya mbao, joto, televisheni moja juu ya stuli, na sauti ya Lufufu ikitafsiri mapigano ya Wachina. Mwenye kibanda alikuwa na ubao nje wa chaki. Filamu iliyokuja na sifa kubwa aliiandika kwa herufi kubwa na kupandisha kiingilio: hiyo ndiyo ilikuwa blockbuster yetu, tuliilipia kabla ya kuiona. Lakini kuna filamu ambazo Jumatatu baada ya shule watoto walikwenda kumwomba airudie, na yeye akaifuta ya siku hiyo kwa kiganja na kuandika ile ya jana. Hit iliandikwa juu ya vumbi la chaki ya nyingine.

Wiki iliyopita nimepokea taarifa ya Kiingereza kutoka kwa meneja wa msanii chipukizi. Sentensi yake ya kwanza: "Following the blockbuster success of his smash hit single, a triumph that became an instant bestseller, he is set for another bonanza." Msanii ana wimbo mmoja. Umechezwa sana redio mbili za Mwanza na kwenye bodaboda zote ninazopanda. Nimekaa nayo dakika kumi, nikaandika: "Baada ya kibao chake cha kwanza kubamba, anarudi studio."

Meneja amepiga simu. "Kaka, mbona umepunguza?"

Nikamuuliza huo wimbo umeuza nakala ngapi. Akasema atanirudia.